Kidole na kioo: maelezo juu ya mashini zenyi kutii kidole

Katekista mumoja wa upande wa Yangambi alituletea ulizo la muzee wa kijiji chake. Muzee huyo ni mukulima tangu ujana. Alisema: «Mujukuu wangu anagusa kioo cha telefone, nacho kinamutii. Mimi ninagusa, nacho kinanyamaza. Na siku ya kura wananisimamisha mbele ya mashini yenyi kioo cha namna hiyo. Je, kioo kinachagua watu?» Katekista hakuwa na jibu. Vijana waliokuwa karibu walicheka, na muzee akaenda zake na haya.

Ndugu musomaji, ulizo hili si la kuchekwa. Mwenyi kufundisha watu anapaswa kujua kulijibu, maana pahali pasipo jibu la kweli uvumi unaingia na kukaa. Basi tutasema mambo mane: kioo hicho kinafanya kazi namna gani; nani walikitengeneza; kilifika kwetu kwa njia gani; na mwisho, mambo gani yalitokea siku watu wa Kongo walipoombwa kugusa kioo kusudi wachague wakubwa wa inchi.

I. Kioo kinasikia namna gani

Kwanza tujue kwamba kioo chenyewe hakisikii kitu. Kinachosikia ni kile kilichotandazwa juu yake au kuwekwa pembeni yake. Kuna namna tatu kubwa.

Namna ya kwanza ni ya kukandamiza. Fikiri ngozi mbili nyembamba zenyi kupitisha umeme, moja juu ya ingine, na katikati yao nafasi ndogo sana. Ukikandamiza ile ya juu, inashuka na kugusa ile ya chini. Pale zinapogusana umeme unapita, na mashini inaupima mara mbili: mara moja kusudi ijue upana, mara ya pili kusudi ijue urefu. Hivi inajua ni fasi gani iliyokandamizwa. Kioo cha namna hii kinatii kitu chochote: kidole, ukucha, kalamu, kijiti, hata mukono uliovikwa glovu. Hakiulizi ni nini kinakandamiza. Kinataka nguvu tu.

Namna ya pili ni ya mwangaza. Pembeni ya kioo wanapanga taa ndogo sana, zenyi kutoa mwangaza ambao macho yetu hayauoni. Mistari ya mwangaza inapita mbele ya kioo, mingine kwa upana, mingine kwa urefu. Kidole kikifika, kinakata mistari miwili, na mashini inajua mahali pa kukutana kwao.

Namna ya tatu ndiyo ya karibu telefone zote za leo, nayo ndiyo iliyomusumbua muzee wetu. Inatumia umeme wa mwili wa mutu. Mwili wetu umejaa maji na chumvi, na kwa sababu hiyo unapitisha umeme. Chini ya kioo wametandaza nyuzi nyembamba hata jicho haliwezi kuziona, moja kwa kwenda, ingine kwa kukingama. Ndani ya nyuzi hizo mna umeme kidogo sana, usioweza kumuumiza mutu. Kidole kinapokaribia, kinavuta kwake sehemu ndogo ya umeme ule. Mashini inapima nyuzi zote mara nyingi kila sekunde, na inaona pale umeme ulipopungua.

Wavuvi wa muto wetu watafahamu upesi. Fikiri wavu uliotandazwa, na kila uzi umefungwa kengele yake pembeni. Samaki akigusa, kengele mbili zinalia: moja ya uzi wa kwenda, moja ya uzi wa kukingama. Muvuvi amesimama mbali, hamuoni samaki, lakini anajua ni fundo gani limeguswa. Ndivyo inavyofanya telefone.

Sasa jibu la muzee ni wazi. Mukono ulioshika jembe na panga kwa miaka makumi tano una ngozi ngumu na kavu. Ngozi hiyo imekufa kwa juu. Ni mulango uliofungwa kati ya kioo na maji ya mwili. Umeme hauvutwi, au unavutwa kidogo tu. Kioo hakikumukataa muzee. Hakikujua kama yupo. Kidole cha mutoto ni laini na chenyi unyevu, ndiyo maana kinasikiwa mara moja. Kwa sababu ileile ukucha haufai, kijiti cha muti hakifai, na glovu ya kawaida haifai. Tena, mvua ikinyesha juu ya kioo, matone yenyewe yanachanganya mashini, maana maji nayo yanapitisha umeme.

Dawa yake ni ndogo. Panguza kioo, panguza kidole, kisha gusa kwa nyama ya kidole, wala si kwa ncha ya ukucha. Kama ngozi ni kavu sana, ilowanishe kidogo tu, au tumia kidole kingine kisichozoea kazi nzito. Hakuna faida ya kukandamiza kwa nguvu. Nguvu haisaidii kitu kwa kioo cha namna hii, inavunja tu.

II. Wale waliokitengeneza

Watu wengi wanafikiri kioo hiki kilizaliwa pamoja na telefone za siku hizi. Sivyo. Kina zaidi ya miaka 60.

Mwaka 1965 Mwingereza mumoja, E. A. Johnson, aliyefanya kazi Malvern katika nyumba ya serikali ya kuchunguza radari, aliandika maelezo mafupi juu ya kioo chenyi kusikia kidole. Alikuwa akifikiri juu ya wale wanaoongoza ndege angani. Kazi yao inataka upesi: ndege mbili zikikaribiana, hakuna wakati wa kutafuta herufi moja moja kwa kuandika. Kugusa ni upesi kuliko kuandika.

Kule Marekani, profesa Samuel Hurst wa chuo kikuu cha Kentucky alichoka na kazi ya kusoma michoro mingi na kuigeuza kuwa hesabu. Akatengeneza kitu cha kukandamiza, chenyi kuonyesha mashini fasi ya kila alama, na mwaka 1971 akaanzisha kompani Elographics. Kutoka kazi hiyo vilitokea vioo vya kukandamiza, vilivyotumika kisha katika maduka, viwanda na hospitali.

Walimu wapendezwe na habari hii: mwaka 1972 chuo kikuu cha Illinois kilitoa mashini ya kufundishia, jina lake PLATO IV. Ilitumia ile namna ya mwangaza, yenyi mistari 16 kwa upana na 16 kwa urefu, maana yake fasi 256 za kugusa. Mwanafunzi alisoma ulizo kwenye kioo, kisha akagusa jibu. Kwa hiyo watoto wa masomo walikuwa kati ya watu wa kwanza kutumia kioo hiki.

Katika miaka ileile, huko CERN karibu na Geneva, watu wawili, Bent Stumpe wa Denmark na Frank Beck wa Uingereza, walikuwa na shida ingine. Mashini yao kubwa ya kuchunguza vipande vidogo vya vitu ilihitaji maelfu ya vifungo vya kuiongoza. Chumba kizima kisingetosha. Wakatengeneza kioo chenyi vifungo 16, ambavyo majina yake yaliweza kubadilika kwa kila kazi. Mwaka 1976 kioo hicho kilikuwa kazini katika chumba cha kuongoza. Hapa ndipo faida kubwa ya kitu hiki inaonekana: kifungo cha chuma kinabaki na kazi moja mupaka kinaoza, lakini kifungo kilichoandikwa na mwangaza kinaweza kuwa na kazi elfu moja.

Kulibaki neno moja. Vioo vya kwanza vilijua kidole kimoja tu. Mwaka 1982, huko Toronto, Nimish Mehta alionyesha mashini yenyi kusikia vidole vingi pamoja. Kisha, chuo kikuu cha Delaware, mwanafunzi Wayne Westerman aliumwa na mikono sababu ya kuandika sana kwa mashini. Pamoja na mwalimu wake John Elias alitafuta namna ya kuandika bila kupiga vifungo kwa nguvu, na mwaka 1998 wakaanzisha kompani FingerWorks. Kompani Apple iliinunua mwaka 2005. Miaka miwili kisha, tarehe 29 Juni 2007, Apple ikaanza kuuza telefone yake iPhone, na dunia nzima ikajifunza kupanua foto kwa vidole viwili.

Telefone hiyo haikuwa ya kwanza. IBM iliuza telefone yenyi kioo cha kugusa, jina lake Simon, tangu mwaka 1994. Lakini ilikuwa nzito, ya bei kali, na batri yake ilikwisha upesi. Angalieni basi: kazi ilianza 1965, na watu wote waliipokea kisha ya 2007. Kitu kikubwa hakizaliwi siku moja, wala hakina baba mumoja.

III. Njia ya kufika kwetu

Mwaka 2008 telefone za kwanza zenyi programu Android ziliuzwa. Kompani nyingi za China zilitumia programu hiyo na kutengeneza telefone za bei ndogo. Transsion, yenyi kuuza telefone Tecno na Itel, iliangalia Afrika kuliko inchi zingine. Hivi kioo cha kugusa kilifika masoko ya Kisangani, na kutoka pale, katika mifuko ya wasafiri na wachuuzi, kilishuka kwa mutumbwi na kwa mashua mupaka Yangambi, Isangi na vijiji vya ukingo wa muto. Pale umeme haupatikani kila siku, kipande cha jua juu ya paa kinajaza batri.

Waafrika nao hawakukaa kama watazamaji tu. Ngambo ya muto, huko Brazzaville, Vérone Mankou alitoa mwaka 2012 kibao chenyi kioo cha kugusa, Way-C, na kisha telefone iitwayo Elikia, maana yake tumaini katika Kilingala. Vilitengenezwa China, lakini vilifikiriwa Brazzaville. Huko Kamerun, enjinia Arthur Zang alitengeneza Cardiopad, kibao cha kuchunguza moyo wa mugonjwa kijijini na kupeleka habari kwa munganga wa moyo aliye muji wa mbali. Mwaka 2016 alipata kwa kazi hiyo zawadi kubwa ya maenjinia wa Afrika.

Lakini hatuwezi kusema juu ya njia ya kuja bila kusema juu ya njia ya kwenda. Ile ngozi nyembamba iliyo juu ya kioo ni ya indiumu na bati. Bati linatoka katika mawe ya kasiteriti, na kasiteriti inachimbwa Kivu na Maniema. Koltani ya Kivu inatoa tantalu ya vipande vidogo vya ndani. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, inayotiwa katika batri, inatoka katika udongo wa Kongo. Jiwe linatoka kwetu kwa bei ya mawe, linarudi kwa bei ya telefone. Na katika fasi nyingi za mashariki jiwe lile lilinunua bunduki pia. Mwaka 2010 Marekani iliweka sheria kusudi kompani kubwa ziseme kama bati, tantalu, tungsteni na zahabu zao zinatoka Kongo au inchi za jirani. Sheria hiyo haikumaliza vita, lakini ilifanya watu wa mbali waulize: kitu hiki ninachogusa kila siku, nani alikichimba?

Yangambi yenyewe ina fundisho lingine. Tangu 1933 ni makao makubwa ya uchunguzi wa kilimo na misitu: zamani INEAC, leo INERA. Kati ya miaka 1937 na 1958 watumishi walipita chini ya miti kila juma na kuandika kwenye karatasi: muti huu umetoa maua, ule umezaa matunda, ule mwingine umeangusha majani. Miaka mingi kisha, karatasi hizo zilipigwa foto. Watu wa kujitolea wa inchi nyingi, bila kufika Yangambi, walizisoma nyumbani kwao kwenye ekrani na kuzinakili, katika kazi iliyoitwa Jungle Rhythms. Leo wachunguzi wanazitumia kusudi wajue musitu wetu unapumua namna gani kwa majira yake. Muangalie vizuri: ekrani ilileta macho ya mbali, lakini ni karatasi iliyotunza ushahidi miaka 60 na zaidi. Tukumbuke neno hili tunapofika kwa mambo ya kura.

IV. Mashini ya kura

Mwaka 2011 watu zaidi ya 18,000 waliomba kuchaguliwa kwa viti 500 vya baraza la wajumbe. Karatasi za kura zilikuwa kubwa sawa gazeti, na katika miji mikubwa zilikuwa na kurasa nyingi. Kuzichapa, kuzisafirisha na kuzihesabu kulikuwa kazi ya kutisha. Kwa sababu hiyo komisio ya uchaguzi (CENI) ilileta kwa kura ya 2018 mashini zaidi ya 100,000 kutoka kompani Miru Systems ya Korea ya Kusini. Mupiga kura alipewa karatasi, akaitia katika mashini, akagusa kwenye kioo foto ya yule anayemutaka: kwanza kwa kiti cha Rais, kisha kwa mujumbe wa taifa, kisha kwa mujumbe wa jimbo. Mashini ikachapa chaguo lake juu ya karatasi, naye akaitumbukiza katika sanduku. Karatasi ndiyo iliyohesabiwa, tena kwa mukono.

Wengi hawakuiamini. Wapinzani waliiita kwa Kifaransa «machine à voler», maana yake mashini ya kuiba. Tarehe 13 Desemba 2018 moto uliteketeza mashini karibu 8,000 katika gala la Kinshasa, na kura ikaahirishwa mupaka tarehe 30. Siku ile watazamaji karibu 40,000 waliotumwa na Maaskofu (CENCO) walikuwa kwenye ofisi za kura, na walitoa habari za mashini zilizoshindwa na za ofisi zilizochelewa kufunguliwa. Matokeo yalipotangazwa Januari 2019, Maaskofu walisema hayakupatana na hesabu walizokusanya. Mashini zilirudi tarehe 20 Desemba 2023, na fasi zingine kura iliendelea siku kadhaa. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za watu 82 waliotaka kuchaguliwa. Kati ya makosa yaliyotajwa ni kushika mashini za kura bila ruhusa.

Hapa turudi kwa muzee wetu. Mwenyi kujua telefone aligusa na kuondoka. Lakini mukulima asiyegusa kioo hata siku moja, mama asiyejua kusoma, kipofu ambaye kwake kioo ni ukuta laini usio na alama: hao walifanya nini? Wengi waliomba musaada. Na yule anayeomba kidole cha mwingine anaweka chaguo lake katika mukono wa mwingine. Kama musaidizi ni mwaminifu, vema. Kama si mwaminifu, mama anarudi nyumbani akifikiri amechagua, na kumbe amechaguliwa. Sheria inamupa haki ya kuleta musaidizi anayemutaka yeye mwenyewe. Lakini haki isiyojulikana ni sawa na deni lililosahauliwa.

Tusiseme basi kwamba mashini inaiba, wala kwamba mashini haiwezi kudanganya. Mashini haina dhamiri. Inachapa kile kidole kilichogusa, wala haijui ni kidole cha nani. Uzuri wake ulikuwa karatasi ile iliyotoka: mutu aliweza kuishika, kuitazama, kuionyesha macho yake kabla ya kuitumbukiza. Alama ya kidole kwenye kioo inapanguzwa na kitambaa, karatasi inabaki. Kwa hiyo neno la kwanza la kufundisha ni hili: «Usitumbukize karatasi kabla ya kuitazama.»

V. Mashauri machache

1. Msicheke wazee. Mwenyi ngozi ngumu ameipata kwa kulisha watu wa nyumba yake. Mumuonyeshe namna ya kugusa kwa nyama ya kidole, polepole, mara tatu au ine, mupaka woga umetoka.

2. Mufundishe kabla ya siku ya kura, wala si siku yenyewe. Telefone moja yenyi foto za watu au za wanyama inatosha kufanya mazoezi: «Gusa mbuzi. Sasa gusa kuku.» Mutu akifaulu kwa mbuzi na kuku, hatatetemeka mbele ya foto za wakubwa.

3. Mwenyi kusaidia asitangulize kidole chake. Aulize, angoje, aonyeshe, kisha amuache mutu aguse mwenyewe. Kwa kipofu na kwa asiyejua kusoma, musaidizi awe mutu aliyemuchagua yeye mwenyewe.

4. Kwa seminari: tangu 2008 padri Paolo Padrini wa Italia alitoa iBreviary, na wengi wanasali Masifu kwenye telefone wanapokuwa safarini. Ni musaada wa kweli kwa mwenyi kubeba mizigo mingi katika mutumbwi. Lakini mwaka 2012 Maaskofu wa Nyuzilandi walikataza kibao kisichukue fasi ya Kitabu cha Misa altareni, kwa maana kitabu kile kimewekwa kwa kazi moja tu, na kibao ni cha kazi zote. Mutu anayejua tofauti hiyo atajua pia saa ya kuzima telefone yake.

5. Tutunze karatasi. Rejista ya ubatizo, hesabu ya kikundi, mupaka wa shamba: viandikwe kwanza kwa kalamu, kisha vitiwe katika telefone. Wale waliotembea chini ya miti ya Yangambi na karatasi zao hawakujua ni nani atakayezisoma, lakini zilisomwa.

Katekista wetu alirudi kwa muzee na maelezo haya. Muzee alipanguza kidole chake kidogo, kisichoshika panga sana, akagusa. Kioo kikawaka. Akasema: «Kumbe hakikunichukia.» Kisha akauliza ulizo la pili, ambalo ni gumu kuliko la kwanza: «Na ile karatasi yangu, kisha ya sanduku, nani ataihesabu?» Jibu la ulizo hilo halimo katika kioo. Limo katika watu wanaokaa macho usiku wa kuhesabu, na taa, na kalamu, mupaka karatasi ya mwisho.